Pazia la Miezi Arobaini na Minne

Jumatano asubuhi, kabla hata chai yangu haijapoa, nilikuwa nimeshamlaani mara tatu fundi aliyejalidi magazeti ya zamani ya maktaba yetu. Nilimwita mvivu. Nilimwita mlipua kazi. Nilimwambia, ingawa hakuwepo, kwamba kama kazi ilimshinda angeiacha akatafute ya kulinda geti. Mimi ndivyo nilivyo. Jalada likibanduka mkononi mwangu siwezi kukaa kimya.

Nipo kwenye chumba cha chini, cha kujalidi na kukarabati vitabu, huu mwaka wa thelathini. Wenzangu wananiita Mama Gundi na sijawahi kulikataa jina hilo, maana gundi hainitoki kwenye kucha hata nikienda harusini. Zamani tulikuwa mafundi watatu. Mmoja amefariki, mmoja amestaafu, nimebaki mimi na ile mashine ya chuma ya kubania vitabu, na hiyo ndiyo inayonisikiliza.

Wiki ile jengo zima lilikuwa mbio mbio. Jumamosi ilikuwa siku yetu kubwa ya mwaka, siku ambayo wakazi wa mji wanakuja maktaba kusimulia historia ya mitaa yao, na safari hii mada ilikuwa ukumbi wa zamani, ule uliokuwa karibu na stesheni kabla haujabomolewa. Ghorofani walikuwa wakitundika picha. Mwalimu wa uchoraji, mama mmoja mchangamfu anayefundisha watu wazima bure kila Alhamisi, alikuwa akiwasimamia wanafunzi wake wauchore mlango wa ukumbi huo kwa kufuata picha moja iliyofifia. Mimi nilipewa kazi ya kuyatengeneza majuzuu ya magazeti, kwa sababu wageni wangetaka kuyafunua, na hakuna aibu kama gazeti la maktaba kumwagikia mgeni miguuni.

Sikuwa na hamu na Jumamosi hiyo, na nitasema kwa nini.

Baba yangu ni mchoraji wa mabango. Sasa ana miaka themanini na minne, ameacha ngazi, lakini nusu ya maduka ya mji huu yaliwahi kuwa na mkono wake juu ya mlango. Hajisifii mabango hayo. Tangu nipate akili, jambo aliloliona fahari ni moja tu: kwamba pazia kubwa la jukwaa la ukumbi ule alilichora yeye peke yake, kwa miezi mitano, kabla mimi sijazaliwa. Alipomaliza akaenda mji mwingine kutafuta kazi. Aliporudi baada ya miaka miwili, akakuta jukwaani pametundikwa kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema. Kamati iliyompa kazi ilikuwa imevunjika, pazia lake hakuna aliyejua lilikokwenda, na hakuna mtu aliyekuwa amelipiga picha. Wachache waliowahi kuliona wamekufa au wamehama.

Mwaka jana, kwenye siku kubwa kama hiyo, Baba alisimama mbele ya watu akalisimulia. Mzee Sinema, aliyekuwa fundi wa mashine ya filamu pale ukumbini kwa miaka ishirini, akainuka kwa heshima zote akasema, "Mzee mwenzangu, mimi lile pazia nimelitazama kila siku ya Mungu. Lilikuwa jeupe pe. Labda unachanganya na ndoto."

Watu wote wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nilikuwa safu ya pili, nikajiziba mdomo kwa kiganja, lakini Baba aligeuka akaniona. Tangu siku hiyo hajakanyaga maktaba, na nyumbani hajalitaja pazia tena. Yeye, mtu ambaye alikuwa akilisimulia kila akipewa kikombe cha chai, nami nikimsikiliza kwa sikio moja!

Sasa kwenye kibao cha maonyesho ya mwaka huu Mkuu wa maktaba alikuwa ameandika: "Pazia la jukwaa: mchoraji hajulikani." Mkuu wetu ni mwanamke kijana, anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, ana miwani mikubwa na msimamo mkubwa kuliko miwani. Nilipomfuata alinijibu bila kupandisha sauti.

"Mama Gundi, pasipo ushahidi siandiki jina. Leo nikimwandika baba yako, kesho kila mtu ataniletea babu yake."

Nilitoka pale nimefura. Lakini njiani kurudi chini nilijua kwamba amesema kweli, na nilijua jambo jingine baya zaidi, kwamba hata mimi sikumwamini Baba.

Basi, hiyo Jumatano. Nikashika juzuu la mwezi wa Machi, gazeti la miaka mingi iliyopita, nikalivuta jalada kidogo kwenye kona, likaachia lote kwa mkupuo. Kwa kawaida ndani ya jalada kuukuu unakuta gundi iliyokauka na mende mmoja marehemu. Mimi nilikuta jicho.

Jicho la mtu, ukubwa ule ule wa langu, limechorwa kwa rangi ya mafuta, linanitazama kwa upande. Juu yake kulikuwa na ukingo wa kofia ya bluu. Kwenye kadibodi kulikuwa kumeng'ang'ania tabaka la chokaa, na kitambaa kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa na rangi zake kama zimepakwa juzi.

Nikakaa chini. Halafu nikasimama. Halafu nikachukua juzuu la Agosti, ambalo nalo lilikuwa linaning'inia, nikalivuta. Gurudumu la baiskeli.

Hapo moyo ulinilipuka. Namjua anayechora gurudumu namna ile. Baba huanza spoki katikati akaivuta nje kwa pumzi moja, na kila spoki inaishia kwenye nukta ndogo pale brashi inapoinuka. Nimemtazama uani akifanya hivyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Nukta zilikuwepo, zote, zimezunguka tairi. Pazia halikupotea! Lilipakwa chokaa likageuzwa skrini ya sinema, na ukumbi ulipofungwa likaja maktaba kama kitambaa tu, na mtu fulani akalikatakata akajalidia magazeti. Ndiyo maana majalada ya miaka ile hayakushika. Gundi ilishika chokaa, na chokaa haikuishika rangi.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa mlangoni akashuka ngazi akidhani nimejikata kidole.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima! Nenda zako! Hapana, rudi, nishikie hii!"

Nikafungua kabati la madaftari ya kazi. Humo kila kitabu kilichowahi kujalidiwa kimeandikwa tarehe yake, kitambaa chake na fundi wake, na mimi nilitaka kumjua huyo katili aliyelipitishia kisu pazia la watu. Matusi yake nilikuwa nayo tayari kwenye ncha ya ulimi. Nikapekua, nikafika. "Magazeti, majuzuu 44, kwa mfuatano wa miezi. Kitambaa cheupe kizito kutoka ukumbi wa zamani. Amekata na kujalidi: mwanagenzi." Mwandiko ulikuwa wa duara duara, wa mtu anayejitahidi sana.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nikakumbuka yote kwa mara moja. Wiki yangu ya kwanza kazini. Fundi mkuu wa wakati ule, Mungu amrehemu, alinitupia robota la kitambaa akasema miaka hii kitambaa cha kujalidi hakipatikani hata kwa dawa, kata hiki, na usipoteze hata inchi. Nilikata siku mbili kwa kisu na rula ya chuma. Nilirudi nyumbani na malengelenge kiganjani, na Baba mwenyewe akanipaka mafuta, akaniambia hongera, sasa wewe ni fundi. Kumbe nilikuwa nimetoka kumchinjia pazia lake.

Mlinzi aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia aende zake, safari hii kweli.

Nilipanda ngazi mbili mbili na haya magoti yangu, nikamwekea Mkuu vile vitambaa viwili juu ya meza, katikati ya karatasi zake. Alivitazama. Akavua miwani, akavitazama tena kwa karibu sana.

"Majalada ya namna hii yapo mangapi?"

"Arobaini na manne. Nina orodha." Daftari lenyewe nililiacha chini, nimelifunika na aproni.

"Na unataka kuyabandua majalada yote hayo kabla ya Jumamosi?"

"Yanabanduka yenyewe, Mkuu. Mimi nitayasindikiza tu."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. "Haya. Lakini nikiona ukurasa mmoja wa gazeti umechanika, nakubandua wewe. Na jina la baba yako bado, tusidanganyane. Hili ni pazia. Nani kalichora, hilo ni swali jingine. Wachoraji huweka sahihi wapi?"

"Chini, pembe ya kulia."

"Basi nitafutie hiyo pembe."

Alhamisi mwalimu wa uchoraji aliposikia habari hizi, somo la mlango lilikufa palepale. Alishuka na darasa lake lote: muuguzi mstaafu, tarishi wa posta, na mlinzi wa benki aliyekuwa likizo. Tukasukuma meza za chumba cha kusomea hadi ukutani, tukatandika karatasi sakafuni. Mimi nilibandua, muuguzi akasafisha chokaa iliyobaki kwa sponji yenye unyevu, polepole kama anaosha kidonda cha mtoto, na wengine wakatandaza. Ikawa kila kipande kikitoka watu wanapiga mayowe. "Kiatu!" "Nimepata dirisha!" "Huyu ana masharubu, njooni muone masharubu!" Wasomaji waliokuja kutafuta utulivu waliupata kesho yake. Siku ile walivua viatu wakapiga magoti nasi.

Mipango ilikuwa rahisi kichwani mwangu. Daftari lilisema nilikata kwa mfuatano, kwa hiyo tukipanga kwa mfuatano wa miezi, picha itajipanga. Januari, Februari, Machi, tukaanza kushoto kwenda kulia kama mtu anayesoma. Tukapata kituko. Mama mmoja alikuwa na dirisha mahali pa tumbo, na mtu mwenye masharubu alikuwa amesimama juu ya paa kwa mguu mmoja.

"Mchoraji huyu alikuwa anaumwa," akasema tarishi wa posta.

"Funga mdomo," nikamjibu, maana unapomtania mchoraji huyo unanitania mimi.

Nikasimama katikati ya chumba nikafumba macho. Akili ilikuwa imesahau, lakini mikono haikusahau. Niliona robota limelala kwenye ncha ya meza ndefu, nalivuta, nakata utepe mmoja mrefu kuanzia juu ya pazia hadi chini, kisha ule utepe naukata mara nne. Utepe mwingine, mara nne.

"Ni juu kwenda chini!" nikapiga kelele. "Minne minne! Januari juu, Aprili chini, Mei inarudi juu!"

Mwalimu wa uchoraji alinitazama. "Wewe umejuaje?"

"Ndivyo kitambaa kinavyokatwa," nikasema, nikainama haraka kama niliyeangusha kitu.

Tukapangua, tukapanga. Na ikaanza kuja. Safu ya kwanza nguzo ya taa na tarishi wa zamani mwenye kofia ya bluu. Safu ya pili mbele ya baiskeli yake. Kisha fundi cherehani kibarazani, kisha kinyozi, kisha mwanamke aliyebeba ndoo akicheka na mtu tusiyemuona, watoto wa shule, dirisha lenye bibi anayechungulia mambo yasiyomhusu. Mtaa mzima, asubuhi, kimo cha binadamu, upana wa karibu mita saba. Mlinzi wa benki, mtu mkubwa kama kabati, akaanza kupiga makofi peke yake, nasi tukafuata.

Ijumaa asubuhi tulimaliza, na furaha ikaingia mchanga. Juzuu la mwisho, la arobaini na nne, halikuwepo. Mchwa walilikula miaka mingi nyuma pamoja na rafu yake. Mwezi wa mwisho, mwisho wa safu ya mwisho, chini kabisa kulia.

Mkuu alisimama mbele ya lile pengo mikono kiunoni. "Mchwa wa mji huu nao wanajua pa kula," akasema, na nikaona kwamba alikuwa anakaribia kulia. Alikuwa ameshaambukizwa kama sisi sote. "Mama Gundi, naona kabisa ni yeye. Lakini kwenye kibao siwezi kuandika 'naona kabisa'."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na sijui kwa nini lilichelewa. "Mkuu, Baba hajaliona. Hajui hata kama lipo, sijamwambia. Nenda umuulize kilichomo, kabla hajaona."

Macho yake yakawaka nyuma ya miwani. Alichukua kalamu na daftari kabla sijamaliza sentensi.

Tulimkuta Baba uani akiandika namba ya nyumba kwenye pipa letu la taka. Herufi zenye kivuli cha dhahabu, kama za hoteli, kwa ajili ya maganda na majivu. Akiandika, mkono wake hautetemeki. Unatetemeka akishika kijiko.

"Shikamoo, Baba. Huyu ni Mkuu wangu wa kazi."

"Shikamoo, mzee," akasema Mkuu.

"Marahaba, mwanangu, karibu. Kaharibu nini huyu?"

Nilitamani kuingia ndani ya lile pipa. Mkuu akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari. "Mzee, naomba unieleze pazia la ukumbi lilikuwa na nini. Toka mwanzo mpaka mwisho."

Baba aliweka brashi chini. "Mmekosa kichekesho cha Jumamosi?"

"Sikuja kucheka. Nimekuja na kalamu."

Akanitazama mimi. Nami nikalitazama pipa. Akaanza, kwanza kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu, halafu akazama. Kushoto nguzo ya taa. Tarishi mwenye kofia ya bluu, ameshika baiskeli, kwa sababu tarishi huyo alikuwa rafiki wa Baba na hakujua kuipanda. Fundi cherehani, mguu mmoja juu ya kigoda. Kinyozi. Mama wa ndoo. Mkuu aliandika mbio mbio, na kila jambo likitajwa alinitupia jicho, na mimi nilikuwa nimebana mikono katikati ya magoti nisije nikapiga yowe.

"Na nyuma ya gurudumu la nyuma," akasema Baba, "kuna mkia wa mbwa."

Kalamu ikasimama. Pale nyuma ya gurudumu kulikuwa na kitu cha njano kilichokunjamana, na tulikuwa tumekibishania tangu jana. Mwalimu wa uchoraji alisema kamba, muuguzi alisema majani, na mimi niliapa ni brashi iliyoteleza.

"Mkia?" akauliza Mkuu, sauti imekuwa nyembamba.

"Wa njano. Umejikunja juu. Nilichora mbwa mzima, mwenyekiti wa kamati akanijia juu, eti ukumbi wa heshima hauna mbwa. Nikamfuta mbwa nikamwachia mkia. Mwenyekiti alikufa hajauona."

Mkuu wa maktaba ya mji, mwenye msimamo wake, alirusha daftari juu. "Ni mkia! Mama Gundi, ni mkia!" Akamshika Baba mikono yote miwili, na rangi ya dhahabu ikamjaa vidoleni. "Mzee, pazia lako lipo. Tunalo. Nimeuona huo mkia kwa macho yangu."

Baba alinitazama mimi nithibitishe, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu. Brashi ilikuwa imelala ikidondosha rangi kwenye kiatu chake na hakuiona.

"Lipo zima?" akauliza mwishowe.

"Limekatwa vipande, lakini limekamilika, imebaki pembe moja tu," akasema Mkuu.

"Nani alilikata?"

Mkuu hakujua, akanigeukia mimi. Niliona nafasi ya kusema kweli ikipita mbele yangu, nikaiacha ipite. "Watu wa maktaba, Baba. Zamani sana."

Jumamosi, saa tatu, viti vilikuwa vimeisha. Tulikuwa tumevitundika vipande vyote kwenye ukuta mrefu wa chumba cha kusomea, kila kimoja mahali pake, na mistari ya mikato ikionekana kati yao. Hatukuweza kuanza kwa hotuba, maana hakuna aliyekaa. Watu walijazana mbele ya pazia wakinyooshea vidole. "Yule ni bibi yetu!" alipiga kelele mama mmoja mbele ya mwanamke wa ndoo. "Hicho kicheko ni chake, hata jino lile ni lake!" Mwanamume mwenye mvi akawa anamwonyesha mkewe kinyozi aliyemnyoa mara ya kwanza, na akajishika sikio, kwa sababu inaonekana kunyolewa huko hakukwenda vizuri. Tarishi wa posta alisimama karibu na tarishi wa pazia akajipigisha picha, wote wawili kifua mbele.

Mkuu alikING'oa kile kibao cha "mchoraji hajulikani", akaandika kipya mbele ya watu wote, kwa mkono wake, majina matatu ya Baba, herufi kwa herufi. Chini yake akaongeza kwamba yamethibitishwa kwa maelezo ya mchoraji mwenyewe kabla ya kuliona pazia. Nilisoma mara nne.

Mzee Sinema alikuja na fimbo yake. Alikaa mbele ya ukuta muda mrefu, akavuta pumzi. "Miaka ishirini," akasema, "nimewarushia watu filamu juu ya kitu kizuri kuliko filamu zote." Akamwendea Baba. "Mzee mwenzangu, nilikuita mwota ndoto. Nisamehe."

"Ulisema ulichokiona," akajibu Baba. "Lilikuwa jeupe." Wakashikana mikono, wakacheka kama wanafunzi waliovunja dirisha.

Baba akalisogelea pazia. Nilidhani ataangalia nyuso, lakini alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kipande kimoja, juu mpaka chini, kisha kingine. Kazi huitambua kazi.

"Mkato umenyooka," akasema. "Rula ya chuma, na mtu asiye na haraka. Nani huyu?"

Sikuweza tena. "Mimi, Baba."

Nikamwambia yote, pale pale, huku watu wanatusukuma mabegani: robota, chokaa, siku mbili za kisu, mwandiko kwenye daftari, uongo wa jana. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akashika tumbo.

"Malengelenge yale!" akasema. "Malengelenge yale! Na mimi nikayapaka mafuta!" Akacheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi Mzee Sinema ampe fimbo yake aegemee, na waliokuwa karibu wakacheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikadhani yamekwisha, na roho yangu ikatua.

Baba akajifuta macho kwa leso. Akaikunja, akairudisha mfukoni, na aliposema tena sauti ilikuwa ya chini, ya mimi na yeye tu.

"Kukata, ulikata hujui. Hilo halina kosa. Lakini mwaka jana ulicheka, na ulikuwa unajua mimi ni baba yako."

Mdomo wangu huu, unaoweza kuwatukana mafundi wasiokuwepo tangu asubuhi mpaka jioni, ungeweza kumwomba radhi palepale, sikioni. Lakini kicheko changu hakikuwa cha sikioni. Nikapenya katikati ya watu mpaka kwenye kipaza sauti, nikamwomba Mkuu anipishe, akanipisha.

"Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu hapa," nikasema kwa sauti ndogo. "Huyo mzee mliyemwona ni baba yangu. Mwaka jana alisimama humu akasema kweli, mkamcheka. Na mimi binti yake nilikuwa safu ya pili, nikacheka pamoja nanyi. Baba, mbele ya watu wote hawa, nakuomba unisamehe."

Baba alikuwa amesimama mbele ya mtaa wake, mikono nyuma, ananitazama, na sikuweza kusoma kitu usoni mwake.

"Rudia," akasema. "Walio nyuma hawajasikia."

Nikarudia, safari hii kwa sauti yangu yote.